Je, "Garota de Ipanema" Ulitungiwa Baa?

SWALI: Mhariri, marehemu babu ametuachia santuri yenye wimbo wa Kibrazili "Garota de Ipanema" ("Msichana wa Ipanema"). Ninasikia kwamba watunzi wake waliuandika wakiwa wamekaa baa, huku msichana akipita mbele yao. Ni kweli? — Msomaji, Tanga

JIBU: Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoupa nguvu uzushi. Watunzi wake, Antônio Carlos Jobim na mshairi Vinicius de Moraes, walikuwa wateja wa kudumu wa baa ya Veloso, mtaani Ipanema, jijini Rio de Janeiro, na msichana mwenyewe, Heloísa Pinheiro, aliyekuwa bado binti mdogo, alikuwa akipita hapo kwenda ufukweni na mara nyingine akiingia kumnunulia mama yake sigara. Lakini wimbo haukuandikwa pale. Muziki Jobim aliutunga nyumbani kwake, kwenye piano, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ambao Vinicius alikuwa akiupanga, na maneno Vinicius aliyaandika Petrópolis, mji wa milimani. Maneno ya kwanza yaliitwa "Menina que Passa" ("Msichana Anayepita"), nayo yalimhusu mtu aliyechoshwa na kila kitu, yakawekwa kando. Leo baa inaitwa Garota de Ipanema na barabara yake imepewa jina la Vinicius, basi nani atamshawishi mgeni vinginevyo?

Wimbo ulisikika hadharani mara ya kwanza Agosti 1962, katika mgahawa wa Au Bon Gourmet huko Copacabana, mtaa mwingine wa Rio. Mwaka 1963, jijini New York, mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto aliurekodi pamoja na mpiga saksafoni Stan Getz, na mke wa João, Astrud, ambaye hakuwa mwimbaji wa kulipwa, akaimba maneno ya Kiingereza ya Norman Gimbel. Rekodi hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1965. Binafsi ninayapenda zaidi maneno ya Kireno, kwa kuwa humo mwanamume anajiuliza kwa nini yu mpweke hivi, kisha anakiri kwamba uzuri ule si wake peke yake, wazo ambalo Kiingereza kimeliacha.

Ikiwa santuri yenu ni ya rekodi hiyo, isikilizeni mwanzo: sauti ya mwanamume ikitangulia kwa Kireno, mnayo rekodi kamili ya albamu, Astrud akianza moja kwa moja, hiyo ni ile fupi ya redioni, ambamo sauti ya mumewe iliondolewa.