Majibu ya Ghalani: Mfuko Haukaushi Mahindi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu waliofungua magunia yao na kukuta balaa, na wengine wameandika wakiwa na hasira kabisa. Nimechukua manne. Barua nimezifupisha, maana kuna moja ilikuwa ndefu kuliko ukurasa wenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mavuno haya nilijikakamua nikanunua ile mifuko isiyopitisha hewa, nikajaza mahindi, nikafunga kama nilivyoelekezwa. Baada ya miezi mitatu nafungua wa kwanza, harufu ya uchachu kama pombe, punje zimegandana, zina ukungu wa kijani. Hivi nimeuziwa mifuko feki?
*Mama Pacha*

Marahaba mama, na pole sana. Feki zipo, sikatai, ila hiyo harufu ya uchachu yenyewe inaitetea mifuko yako. Kuchacha hivyo maana yake hewa kweli ilikuwa haiingii, tatizo uliyafungia mahindi pamoja na maji yake. Mfuko ule haujui kukausha, unazuia hewa isiingie na unazuia unyevu usitoke, basi, kazi yake inaishia hapo. Gunia la katani angalau linapumua.

Mahindi ya kuweka muda mrefu unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na karanga zilizobanguliwa ni kama 7 tu. Sasa kuipima hiyo kwa jicho haiwezekani, na meno nayo yanadanganya, kila mtu atakwambia "niling'ata ikalia kaa" halafu ndo huyo huyo analia baadaye.

Fanya hivi. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iwe kavu kabisa, na chumvi uianike kwanza juani isiwe na ubichi. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi, funika, tikisa dakika moja hivi, iache itulie robo saa. Halafu inua chupa uitazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imenata kwenye kuta za kioo, mahindi bado, yako juu ya asilimia 15. Ikiwa yote imeshuka chini na kioo ni cheupe, yameshuka chini ya 15. Umeona hapo? Chini ya 15, sijasema 13.5! Hapa ndo wengi wanaangukia, chumvi ikiacha kunata tu wanakimbilia kufunga. Mimi baada ya hapo naanika tena siku mbili za jua kali, juu ya turubai, sio kwenye udongo, jioni nayakusanya na kuyafunika kwa sababu usiku yanavuta unyevu wa hewani, asubuhi nasubiri umande uishe ndo natandaza tena. Na yakitoka juani yaache yapoe kwanza, ukiyafunga ya moto yatatoa jasho humo ndani. Mkiwa kikundi nunueni kipima unyevu kimoja mzunguke nacho, chumvi mtaisahau.

Hayo yenye ukungu usile, na kuku usiwape. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa umeacha sumukuvu, ambayo haionekani wala moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 kati yao wakafariki, na mahindi yenyewe ni ya kwenye maghala ya watu, yaliwekwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo usiseme nitayachambua, mengine yanaonekana mazuri tu.

Mifuko usiitupe. Ipulize ijae hewa, ibane uone kama kuna sehemu inavuja, isiyovuja ioshe uikaushe, msimu ujao utaitumia.

Kaka habari. Mimi ukungu sina, nilikausha mpaka basi. Shida yangu dumuzi. Siku ya kufunga nilichungulia hakukuwa na mdudu hata mmoja, saa hizi kuna unga mwingi kuliko punje. Wanapitia wapi? Na hiyo mifuko mnayosifia inawauaje wakati haina dawa?
*Mbishi*

Hawakupita popote kaka, uliwafungia mwenyewe. Chukua fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, jike lake linachimba kitundu kwenye punje, linataga yai humo, linaziba kwa ute wake, wewe ukichungulia unaona punje nzima nzuri. Kukiwa na joto, baada ya wiki kama tano anatoka mdudu kamili na yeye anaanza kazi. Wengi wanaanzia shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, ndo maana kila wiki unayochelewa kuvuna yaliyokauka unawaongezea. Dumuzi ni mbaya zaidi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na huko porini anaishi kwenye miti, kwa hiyo gunzi na mbao za ghala kwake ni nyumbani kabisa. Pukuchua, usihifadhi na magunzi, na mabaki ya mwaka jana fagia mpaka kwenye nyufa ukachome kabla ya mapya kuingia.

Kuhusu mfuko kuua bila dawa, hili swali nalipenda. Mifuko ya PICS, mojawapo ya hiyo isiyopitisha hewa, ilianzia kwenye kunde kule Cameroon miaka ya 1980, kazi ya kina Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje kiroba. Ukifunga, wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni wenyewe kwa kupumua. Lakini kinachowamaliza hasa ni kiu! Nafaka kavu haina maji ya kunywa, mdudu anajitengenezea maji mwilini kutokana na chakula na oksijeni, sasa oksijeni ikipungua anaacha kula, maji hayatengenezeki, anakauka huku amekaa juu ya chakula. Kwa hiyo kila ukifungua kuchota kidogo unamletea kinywaji. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafungua kila Jumamosi kuwaonyesha wageni, na msimu ulipoisha nilikuwa na wageni wengi na mahindi machache. Ya kula miezi ya mwanzo tenga kwenye gunia la kawaida, mengine yasiguswe. Unapofunga bana hewa yote itoke, sokota mdomo wa mfuko wa ndani, kunja, kaza kwa kamba, halafu rudia hivyo hivyo kwa wa pili, kila mmoja na kamba yake. Ukifunga yote kwa pamoja kwa kamba moja umepoteza hela.

Halafu usiegemeze ukutani wala kuweka chini, weka juu ya chaga, na panya muwahi kabla hajawahi, tundu moja tu la jino lake na habari ya oksijeni imeisha.

Mimi nalima maharage kidogo tu, debe nne tano, na hiyo mifuko siimudu. Yanatobolewa kila mwaka. Nisaidieni njia ya mtu asiye na kitu.
*Bibi wa Debe Tano*

Shikamoo bibi. Kama una madumu yenye mifuniko inayokaza, hayo hayo ni ghala lako. Osha, kausha sana, jaza maharage makavu mpaka shingoni nafasi ya hewa isibaki, kaza. Kinachofanya kazi ni kile kile nilichomwambia Mbishi.

Madumu nayo yakikosekana, kuna njia ya kuviringisha, watu huwa wananicheka nikiitaja ila imefanyiwa utafiti na inafanya kazi. Funza wa maharage akitoka kwenye yai anahitaji muda mrefu, inafika siku nzima, kutoboa ganda la haragwe, na ili atoboe lazima ajikaze katikati ya haragwe mbili. Wewe jaza gunia nusu tu, lilaze, liviringishe mara kadhaa asubuhi na jioni kila siku. Haragwe zinahama, funza anapoteza pale alipoanzia, anaanza upya, wengi wanakufa kabla hawajaingia. Wajukuu wape hiyo kazi.

Kuna jamaa kanipa vidonge vya kuua wadudu wa nafaka, vile vya kijivu. Nimevitia kwenye magunia, yako chumbani tunakolala kwa sababu ya wezi. Vinachukua muda gani kufanya kazi?
*Msomaji*

Ndugu, ukimaliza sentensi hii acha kusoma, toa watu wote humo ndani walale kwingine, fungua milango na madirisha, na magunia usiende kuyabeba wewe, tafuta mtu wa kilimo aliyefunzwa kufukiza aje ayatoe. Vidonge hivyo kwa kawaida ni vya fosfini, vinakutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua mdudu na mtu vile vile, inapita kwenye nyufa za ukuta mpaka chumba cha pili, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Sio vya nyumbani hata kama wezi wako mlangoni. Kama kuna yeyote anaumwa kichwa, anatapika au kifua kinabana, mpelekeni hospitali usiku huu huu bila kungoja asubuhi, na mwambieni daktari ni vidonge vya nafaka, jina lililo kwenye kopo mliandike muende nalo.