Jibu: Hiyo AD 1508 kwenye picha ya Yuda akimbusu Yesu

Mkuu, uliuliza kama hiyo AD ni "mwaka wa Bwana" na kama picha yako ni orijino. Hapana, AD ni sahihi ya msanii mwenyewe, Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, D ndogo kaiweka katikati ya miguu ya A. 1508 ndo mwaka kweli. Na haikuchorwa kwa kalamu, alichonga mistari kwenye bati la shaba kwa kichuma chenye ncha kali, akapaka wino, akafuta juu ukabaki kwenye vile vimifereji tu, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa na mashine, sasa picha ikitoka inageuka kama kwenye kioo, kwahiyo hata hizo herufi ilibidi azichonge kinyume! Tena bati lina kama sentimita 12 kwa 7.5, dogo kuliko postikadi, ila humo humo Petro kainua upanga na Malko, yule mtumishi wa kuhani mkuu, yuko chini, mi huyo Petro ndo ananimaliza. Iko kwenye seti ya picha 16 za mateso ya Yesu.

Kuhusu kama yako ni orijino, ipapase pembeni, bati huwa linaacha alama ya kubonyea kwenye karatasi. Iliyokatwa kitabuni kwa kawaida haina.