Mkaa wa tope la choo, naweza kuchujia maji ya kunywa?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Niko Vingunguti, sio mbali na yale mabwawa ya majitaka. Maji ya kisima chetu yananuka na yana rangi ka chai nyepesi. Kijana mmoja mtaani anasema tope la choo ukilikausha ukalichoma kwenye pipa unapata mkaa wa kuchujia maji. Nikijaribu wanangu wakanywa kuna shida? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, afadhali umeuliza kabla hujawapa watoto. Huyo kijana hajakudanganya, mkaa huo upo na unafanya kazi, ila sio kazi hiyo. Iko hivi, tope likishakauka mpaka linapasukapasuka linafungiwa kwenye tanuri lisilopitisha hewa, linapigwa moto wa nyuzi 500 hivi, haliwi jivu tupu bali linabaki mkaa wenye vitundu vidogo mno macho hayavioni, na vimelea na mayai ya minyoo vyote vinakufa humo. Vitundu hivyo ndo vinanasa rangi na harufu kwenye maji. Sasa tope la mjini linabeba kila kitu, mpaka betri zilizotupwa chooni na maji ya gereji, na metali kama risasi au zinki haziishi kwa moto huo, tope linapungua uzito zenyewe zinabaki, kwa hiyo kilo moja ya mkaa inaweza kuwa nazo nyingi kuliko kilo ya lile tope kavu. Afu pipa la nyumbani huku linashika moto huku halishiki, ukivunja kipande unakuta katikati bado kahawia na kinanuka, hicho usikishike mkono mtupu.

Mkaa huo mimi ningeupeleka kwenye maji machafu, mfano ya wanaotia rangi batiki, yachujwe kabla hayajaingia mtaroni, na mkaa wenyewe upimwe maabara kwanza. Kule Ngurdoto, Arusha, wamechuja floraidi, yale madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini ile ni mifupa, sio tope.

Kisima chako kinanitia wasiwasi zaidi. Mkaa hauui vijidudu, chemsha yatokote kabisa. Na kama kuna mtoto mchanga wa chupa, usimkorogee maziwa kwa maji hayo hata yakichemshwa, maana naitreti, yaani chumvi zinazotoka vyooni na kumdhuru mtoto mchanga, haziondoki kwa kuchemsha, mtafutie ya bomba.