Tiba ya mwanga kwa doa la mdomoni: mimi nimefanyiwa

Dada uliyeuliza kuhusu doa jeupe la baba yako ndani ya shavu, kama tiba ya mwanga ni kweli au ni ya kuwala hela: ni kweli. Ila kinyama kimekatwa kikapimwa? Kama bado, msijadili mwanga wala bei. Anayewauzia tiba hiyo kabla ya majibu ya maabara, mkimbieni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mla tambuu wa miaka, lile jani la kutafuna, yenye popoo na tumbaku. Doa lilitokea palepale nilipozoea kuiweka. Maabara ikasema seli zimeanza kubadilika, saratani bado. Ndugu wakanichangia nikaenda India, ambako madaktari wameuzoea ugonjwa huu kwa sababu ya gutka na khaini, tumbaku zao za kutia mdomoni.

Nilipewa dawa iitwayo ALA, imechanganywa na juisi. Mwilini hugeuka kitu kinachonasa mwanga, na seli mbovu hukilimbikiza kuliko zilizo nzima. Baada ya saa kadhaa unamulikwa mwanga mwekundu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita kama 635. Mwanga ukiigusa dawa, oksijeni iliyomo kwenye nyama hugeuka kali na kuua seli hizo. Hukatwi, hupigwi mionzi, kovu huwa dogo, na doa likirudi tiba yaweza kurudiwa.

Sasa mipaka yake. Mwanga huo hupenya milimita chache tu. Doa jembamba, sawa. Uvimbe mnene, au tezi za shingo zikishaingiliwa, hapo ni upasuaji na mionzi, msipoteze muda. Na kama doa la mzee lina wekundu, harakisheni, maana jekundu ni la kuogopwa kuliko jeupe.

Leza ya kutolea mwanga huo ni ghali, lakini kule Aligarh, India, watafiti wa huko na wa Marekani walijaribu taa ya LED ya betri, pamoja na simu ya kupigia picha, kwa wenye saratani changa ya mdomo. Kifaa kama hicho ndicho kingetufaa huku kwetu.

Maumivu yapo, mzee asidanganywe. Licha ya ganzi, iliwaka kama pilipili mbuzi kwenye kidonda. Kisha shavu likavimba, nikaishi kwa uji uliopoa na maziwa.

Jua nalo! Kwa ALA ya kunywa ni siku moja au mbili za kukaa ndani, mapazia yamefungwa. Mafuta ya kukinga jua hayafai kitu, kwa sababu dawa huamshwa na mwanga wa kawaida unaoonekana. Akipewa Photofrin, dawa nyingine ya tiba hii, ni wiki 4 au zaidi, kwa hiyo ulizeni jina la dawa kabla ya kukata tiketi ya kurudi.

Tambuu aache, hata isiyo na tumbaku. Popoo yenyewe husababisha saratani. Madoa haya hurudi, kwa hiyo tafuteni mapema daktari wa karibu wa kumkagua kila baada ya miezi michache. Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa, jina ulifiche, tuyasome pamoja.