Saa 72 getini: mwanafunzi aanzie wapi

Mlinzi anayeingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, anafanya kazi saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zile 27 zinazobaki ni saa za ziada, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Ukitaka kupigania haki ya kiuchumi ukiwa bado chuoni, huna haja ya kwenda mbali: anza na watu wanaokufungulia geti na kukusafishia bweni, hasa pale chuo kilipokabidhi kazi hizo kwa mzabuni. Na uanze na hesabu, mabango yangoje. (Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria yake ya ajira.)

Kwanza, shikamoo. Mama anayedeki korido si mtu wa kujaziwa dodoso siku ya kwanza. Waende wanafunzi wawili, si kumi, wakati wa kubadilishana zamu au nje ya eneo la chuo, mbali na macho ya msimamizi. Waseme wazi wanachoweza na wasichoweza kufanya. Dai ni la mfanyakazi. Akikataa jina lake litumike, lisitumike, hata kama ushahidi wake ndio mzito kuliko yote.

Akikubali, ombeni kuona vitu vitatu: mkataba, salari slipu za miezi mitatu, na taarifa ya michango yake ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo anaichukua mwenyewe kwa kitambulisho chake. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Dosari ya kutafuta ni makato yaliyoandikwa kwenye slipu huku kwenye taarifa mwezi huo ni mtupu. Wengi watasema hawakupewa mkataba. Msikate tamaa: kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinasema mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Saa nazo zina shahidi wake, daftari la matukio la lindo, ambamo mlinzi husaini akiingia na akitoka. Mfanyakazi aandike tarehe na saa zake kwenye kijitabu chake kila siku, kwa sababu daftari la kampuni linaweza kuondolewa.

Sasa hesabu. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa 195, yaani 45 mara wiki 4.333. Tuseme mshahara ni shilingi 195,000: saa moja ni 1,000, saa ya ziada ni 1,500. Saa 27 kwa wiki ni 40,500. Kwa wiki nne, 162,000. Hapo bado nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mkiambiwa kuna saa ya mapumziko, ulizeni kama mlinzi anaruhusiwa kuacha lindo. Asiporuhusiwa, saa hiyo inalipwa. Mshahara wenyewe linganisheni na Amri ya Kima cha Chini inayotumika sasa, kwenye sekta ya ulinzi binafsi. Msichukue kima cha sekta nyingine kwa kuwa ni kikubwa, maana kosa hilo moja litatumiwa kufuta hoja yenu yote.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulikosa. Sheria hairuhusu zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki nne, na mlinzi huyu ana 108. Kwa hiyo kulipwa tu hakutoshi. Zamu zenyewe ni kosa. Lindo moja la usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Gawanya kwa 45, unapata watu karibu wanne. Zabuni iliyohesabu watu wawili kwa lindo ilivunja sheria siku iliposainiwa, na aliyeikubali bei hiyo ni chuo. Ndiyo maana barua yenu iende kwa chuo, mnunuzi wa huduma, na nakala kwa mzabuni. Kampuni ikibanwa peke yake itasema bei haitoshi, na huenda inasema kweli.

Kwa chuo cha umma, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Aombe raia kwa jina lake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Bei inaweza kukataliwa kwa kisingizio cha siri ya biashara, basi ulizeni idadi ya walinzi, idadi ya malindo na mpangilio wa zamu. Hivyo vitatu vinatosha kufanya hesabu ile ya 168.

Mambo huharibika zaidi kwenye picha. Picha moja ya mlinzi akiwa na wanafunzi ikirushwa kwenye grupu, kesho yake anahamishiwa lindo jingine au anaachishwa. Aliye kazini chini ya miezi 6 hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo asiwe yeye wa kutangulia. Jingine ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Mwezi mmoja wa vikao vya serikali ya wanafunzi unatosha kumpotezea mtu haki yake. Fomu ya CMA aisaini mfanyakazi mwenyewe, nakala imfikie mwajiri kwanza. Kama ni wengi, waambatanishe orodha yenye majina na saini zao.

Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliandamana kudai wafanyakazi wa wazabuni waajiriwe na chuo chenyewe. Mkataba wa kukubali hilo chuo kilisaini na chama cha wafanyakazi, NEHAWU, na ndivyo inavyopaswa. Kwa walinzi wetu kuna TUPSE, chama cha wafanyakazi wa ulinzi binafsi. Wakutanisheni nacho mapema, kwa kuwa ninyi mtahitimu na wao watabaki getini. Mkifikia kuandamana, taarifa ya maandishi ifike polisi angalau saa 48 kabla.

Pangeni kila kitu kwa kalenda ya chuo. Barua iliyopelekwa wiki mbili kabla ya mitihani itajibiwa likizo, mkiwa hampo. Ipelekeni wiki ya tatu ya muhula. Jalada lenye nakala, bila majina ya wafanyakazi, likabidhiwe kwa wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, na tarehe ya mwisho wa mkataba wa mzabuni iandikwe juu ya jalada kwa wino mwekundu: zabuni mpya inapoandaliwa ndipo idadi ya watu kwa kila lindo inaweza kubadilishwa bila kesi.