Vita vya Kagera si ushahidi wa "kuokoa raia bila idhini"

Mkuu, umeuliza kama Tanzania kumng'oa Idi Amin, rais wa Uganda, katika Vita vya Kagera kunathibitisha kwamba nchi inaweza kuivamia nyingine ili kuokoa raia wa nchi hiyo inayovamiwa, hata kama Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halijaruhusu. Hapana. Mfano huu unatajwa kila mjadala huu unapozuka, na karibu kila mara unatajwa vibaya.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 2(4), unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni miwili: kujihami ukishambuliwa (kifungu cha 51), au idhini ya Baraza la Usalama chini ya Sura ya VII. Mlango wa tatu, wa huruma, haumo.

Tanzania ilipita mlango wa kwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakateka eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ni ardhi ya Uganda. Daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa. Nyerere aliposema "sababu ya kumpiga tunayo", sababu yenyewe ilikuwa uvamizi huo. Alikwisha kumwita Amin muuaji kwa miaka mingi, lakini hakupeleka jeshi kwa ajili hiyo.

Ugumu unaanzia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Kujihami kuna masharti mawili, ulazima (hakuna njia nyingine) na uwiano (nguvu isizidi inayohitajika). Kumrudisha mvamizi mpakani, hakuna wa kubisha. Kuendelea zaidi ya kilomita 200 hadi kuiteka Kampala, 11 Aprili 1979, kunahitaji maelezo. Serikali ilieleza kwamba vita ni viwili: vya Watanzania kulinda nchi yao, na vya Waganda kumwondoa Amin. Ndiyo maana Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 ulikuwa na uzito: ulizaa UNLF, muungano wa Waganda waliompinga Amin, na kumpata Yusuf Lule kuwa kiongozi wake kabla Kampala haijaanguka. Bila huo, JWTZ, jeshi la Tanzania, lingeonekana jeshi la kigeni linalosimika serikali.

Mimi naona hoja ya vita viwili ina ukweli nusu, kwa sababu wapiganaji wa Kiganda walikuwa wachache mno kulinganisha na JWTZ. Yenye nguvu zaidi ni hii: Nyerere alitaka Amin alaaniwe, alipe fidia na aache kudai ardhi ya Tanzania. Hakupata hata moja, na Libya ikaleta askari kumsaidia Amin. Tishio lilikuwa bado hai.

Kwa nini nang'ang'ania sababu ambayo Tanzania yenyewe iliitaja? Sheria ya desturi ya kimataifa haijengwi kwa matendo peke yake; nchi lazima itende ikiamini na kudai kwamba ni haki yake kisheria. Tanzania haikudai haki ya kuingilia kwa ajili ya ubinadamu. India nayo, ilipoingia Pakistan ya Mashariki (leo Bangladesh) mwaka 1971, iliegemea kujihami. Hata Kosovo 1999, muungano wa kijeshi wa NATO ulipoipiga Yugoslavia mabomu siku 78 bila idhini ya Baraza, tume huru iliyoongozwa na Richard Goldstone na Carl Tham ilihitimisha kwamba operesheni ilikuwa kinyume cha sheria, ila ilikuwa na uhalali wa kimaadili. Ukisoma hukumu hiyo nusu, unajidanganya.

Wengine hukimbilia kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika. Kisome vizuri: haki ile ni ya Umoja wenyewe, kwa uamuzi wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi, palipo uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Jirani mmoja hapewi. Na kifungu cha 53 cha Mkataba wa UM bado kinadai idhini ya Baraza kabla jumuiya ya kikanda haijatumia nguvu.

Kilichowasukuma viongozi wa Afrika kukiandika kifungu hicho cha 4(h) ni Rwanda. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kupunguza UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, hadi watu wapatao 270. Hakuna aliyepiga kura ya turufu siku hiyo. Walikubaliana wote.