Mgongo uliopinda na pumzi fupi: namna ya kuyafanya mazoezi ya mapafu

Mtu mwenye kibiongo, au ambaye uti wa mgongo umepinda upande, akianza kutweta kwenye ngazi hupewa karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa ajili ya watu walioharibiwa mapafu na sigara. Haimfai. Mvuta sigara hewa inamganda ndani, haitoki. Mwenye mgongo uliopinda hewa inamtoka vizuri, ila kifua chake ni kigumu na nafasi ya mapafu ni finyu, hivyo anapumua harakaharaka na juujuu. Ukimlazimisha avute pumzi mpaka mwisho unamchosha bure, maana kila hewa ya ziada anailipia kwa kuzinyanyua mbavu zilizokakamaa. Na tuseme wazi: mazoezi haya hayanyooshi mgongo. Yanaifundisha miguu na mikono kufanya kazi ileile bila kudai hewa nyingi.

Kabla ya kuanza, pima. Kipimo cha kupuliza hewa hulinganishwa na urefu wa mtu, na hapo ndipo makosa hutokea, kwa sababu mgongo uliopinda umemfupisha. Mama aliyesimama ana sentimita 148, lakini akinyoosha mikono pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kingine, ni 163. Ukiandika 148, mashine itamtarajia awe na mapafu madogo na majibu yatatoka mazuri kuliko hali yake. Mwambie anayekupima atumie urefu wa mikono.

Kama kibiongo kilitokana na TB ya mgongo, hakikisha kwanza ugonjwa wenyewe umekwisha. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kukonda ni mambo ya kupima makohozi kwanza, mazoezi baadaye. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukashindwa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kiini cha kazi yote ni kutembea. Pima njia tambarare ya mita 30, weka alama mwanzo na mwisho, kisha tembea dakika 6 kwa kadiri unavyoweza. Kupumzika kunaruhusiwa, ila saa haisimamishwi. Tuseme umepata mita 300. Hizo ni mita 50 kwa dakika. Anza mazoezi kwa asilimia 80 ya mwendo huo, yaani mita 40 kwa dakika, kwa dakika 10. Ukishindwa, gawa vipande vya dakika mbilimbili. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, mpaka ufike dakika 20 hadi 30. Kwa kipimo cha 0 hadi 10 cha kutweta, kaa kwenye 3 au 4: unaweza kusema sentensi fupi, lakini kuimba huwezi. Kifaa cha kidoleni kikisoma oksijeni chini ya 88, simama upumzike. Kidole kisiwe na rangi ya kucha wala piko, vinavuruga usomaji. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu walioachiwa mapafu mabovu na TB walifanya programu ya wiki 6, mara mbili kwa wiki, wakapata nafuu, kwa hiyo kukosa mashine za gharama si sababu ya kukata tamaa.

Mikono isisahaulike. Kuanika nguo kunamtoa mtu pumzi kuliko kutembea, kwa sababu misuli ya mabega inayonyanyua mikono ndiyo hiyohiyo inayomsaidia kupumua. Jaza maji chupa mbili za nusu lita, zinyanyue mpaka usawa wa bega mara 8 hadi 10, ukitoa pumzi wakati wa kunyanyua. Asiyetoa pumzi huibana bila kujua, na hapo ndipo kizunguzungu kinapoanza.

Zoezi la kupeleka hewa upande uliobonyea lina historia. Katharina Schroth, Mjerumani ambaye mwenyewe alikuwa na mgongo uliopinda, alianza kulifundisha mwaka 1921 kwa kutumia vioo. Keti mbele ya kioo, weka kiganja kwenye mbavu zilizozama, vuta pumzi polepole kwa pua ukijaribu kukisukuma kiganja, shikilia sekunde 2 au 3, achia. Pumzi nne au tano, kisha pumua kawaida. Vidole vikianza kuwasha au kichwa kuwa chepesi, umepumua haraka mno. Aina kamili ya mpindo wako aisome mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa wengi wana mipindo miwili inayopingana.

Linalotutia hofu zaidi ni usiku. Usingizini misuli inalegea, na kifua kigumu hushindwa kuitoa hewa chafu ya kabonidioksidi. Kuamka na kichwa kinachouma, kusinzia mchana, usingizi wa kushtukashtuka: hizo ni dalili za kumwambia daktari, hata kama mchana oksijeni inasoma vizuri. Mtungi wa oksijeni peke yake unaweza kuipandisha kabonidioksidi hiyo huku kidole kikionyesha namba ya kupendeza. Omba ipimwe kwenye damu kwanza. Wengi katika hali hii wanahitaji mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usiku, na mazoezi hayawezi kuchukua nafasi yake.

Baada ya wiki 8 rudia kutembea dakika 6 kwenye njia ileile, saa ileile, kabla ya kula, maana tumbo lililojaa ugali huibana diaframu, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Ongezeko la mita 30 ni la kuaminika. Likiwa dogo zaidi, chunguza kwanza usingizi na uzito wa mwili kabla ya kuongeza mazoezi.